Ukurasa wa Nguo za Gome Uliokosa Mgeni

Anonciata Nyirabahire alikuwa na umri wa kuanza darasa la tano pale vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978. Kule Bugomora mizinga ilisikika kwa mbali, watu wakahamisha mbuzi na watoto. Baba yake, Polikarpi Mbonimpa, alibeba mgongoni kitu kimoja tu: nyundo yake ya mbao yenye mifereji ya kupondea magome. Mama yake alimuuliza kama nyundo inapikwa au inachemshwa. Polikarpi alijibu kwamba sufuria zinauzwa kila gulio, ila nyundo ile alirithishwa na baba yake, aliyevuka nayo kutoka Rwanda.

Kazi ya nyundo hiyo ilikuwa kutengeneza nguo za gome. Mtoma, mti wa jamii ya mkuyu, huchunwa gome lake ukiwa hai, kisha shina huvishwa majani ya migomba mpaka lipone. Gome hulazwa juu ya gogo kivulini na kupondwa, likitanuka polepole hadi kuwa kitambaa laini, ambacho jua hukigeuza rangi kikawa chekundu kama kutu. Hakisokotwi wala hakifumwi. Anonciata alikua akisikia mpondo huo kila asubuhi, na baadaye, alipoolewa Chonyonyo na mfugaji Celestin Twagirayezu, alisema ukimya wa asubuhi ndio uliomtia ugeni kuliko nyumba yenyewe. Mama yake alipofariki, baba yake alihamia Chonyonyo kwa binti yake, na nyundo ikaja naye.

Chonyonyo alikuwako mponda magome mwingine, Mnyambo mwenyeji wa Karagwe aitwaye Kahigi, rika moja na Polikarpi. Wazee hao wawili walipondea chini ya paa moja, wakagawana tumbaku, na hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote.

Kompyuta iliingia katika maisha ya Anonciata kupitia mlango wa msiba wa watu wengine. Wakimbizi walipofurika wilayani mwaka 1994, aliajiriwa na shirika moja la misaada kuchapa orodha za chakula kambini. Kambi zilipofungwa, shirika lilikiachia Kituo cha Ufundi cha Chonyonyo kompyuta moja, paneli ya sola, na redio ya mawasiliano iliyoweza kutuma na kupokea barua pepe fupi, hewa ikikubali. Vifaa hivyo vilifika vimefungwa katika blanketi la kijivu, juu ya magunia ya maharage. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua pa kubonyeza, Anonciata alikabidhiwa chumba, ufunguo na blanketi.

Aliipenda kazi ile kwa namna iliyomshangaza hata mwenyewe. Alichapa barua za kituo, akafundisha wasichana watatu kutumia kibodi, na jioni alisoma kijitabu kilichoachwa na fundi wa shirika, kilichoeleza namna ya kutengeneza kurasa za tovuti. Mwanzoni mwa 1999, Abdallah, mwenye duka la vifaa pale Kayanga, ambaye babu yake alitokea Pangani, alimpa wazo.

"Mwanangu Shaaban anafanya kazi Mwanza kwenye duka la intaneti," alisema, akiegemea pikapu yake. "Wewe tengeneza ukurasa wa hizi nguo za wazee. Mimi kila nikienda kufuata mzigo nitakubebea disketi, Shaaban ataupandisha. Dunia nzima itauona."

"Dunia nzima, Mzee Abdallah?"

"Basi toa Kayanga. Kayanga hawaoni hata bango la duka langu."

Anonciata aliutengeneza kwa Kiingereza alichokipata shuleni na kambini, na kamusi pembeni. Akafika mahali ambapo kijitabu kilimsisimua kuliko pote. Kila ukurasa wa tovuti, kilisema, una sehemu ya kichwa ambayo msomaji haioni. Humo huwekwa maneno yaitwayo meta: mengine hutaja mambo yanayopatikana katika ukurasa, mengine huueleza kwa sentensi mbili fupi. Siku zile mitambo ya kutafuta ilitegemea sana maneno hayo. Mtu akiandika jambo analolitafuta, mtambo uliangalia ni kurasa zipi zenye maneno kama yake kichwani, ukamletea.

"Kwa hiyo," aliwaambia wazee, "tuchague maneno ya kuita wageni."

Hakutegemea kama kuchagua maneno kungekuwa vita vya pili vya Kagera.

"Andika rubugo," alisema Kahigi. "Ndilo jina lake. Hapa ni Karagwe."

"Andika impuzu," alisema Polikarpi. "Ndivyo tulivyoiita kwetu kabla babu yako hajajua kuvaa."

"Impuzu ilikuja juzi juu ya mgongo wa mbuzi!"

"Mbuzi wetu alikuwa na adabu. Aliposhuka, aliamkia wenyeji. Hawakuitikia, walikuwa wamelala."

Anonciata aliandika majina yote mawili ili kazi iendelee. Hapo Polikarpi akataka na jina lake liwemo, maana nyundo ni ya ukoo. Kahigi hakukubali kuachwa nje. Mmoja wao akasema isisahaulike kwamba wakubwa walizikwa na nguo hizi, basi iandikwe: nguo ya kuzikia kwa heshima.

"Ya kuzikia ina wateja," alisema Abdallah, "ila hawarudi mara ya pili."

Wakacheka, lakini ikaandikwa. Zikafuata sifa: urithi wa mababu, kazi ya mikono iliyobarikiwa, fahari ya Chonyonyo. Kichwa cha ukurasa kilijaa kama harusi isiyo na kadi.

Abdallah aliporudi kutoka Mwanza mara ya pili, alipiga honi tangu kwenye kona. Shaaban alikuwa ameupandisha ukurasa, akaupeleka kwenye mitambo, na majuma kadhaa baadaye, katika safari hiyo ya pili, akaujaribu mbele ya baba yake. Aliandika "rubugo": ukatokea wa kwanza. Aliandika "impuzu": wa kwanza. Aliandika "Kahigi Chonyonyo": wa kwanza tena, na chini yake hakuna mwingine.

"Wa kwanza duniani!" alipaza sauti Kahigi. Alikwenda kuwaeleza mpaka watu waliokuwa kwenye foleni ya maji.

Hata Anonciata alicheza siku ile, mikono juu, kanga ikimdondoka. Ilipita miezi kabla hajajiuliza ni nani, Ureno au Uchina, ambaye angeamka asubuhi na kuandika jina la Kahigi.

Maana mgeni hakuja. Kila siku ya barua, redio ilipowashwa kupokea barua pepe, ililia na kukoroma, na kilicholetwa kilikuwa salamu za Shaaban. Mwezi Agosti, mwenyekiti wa kamati ya kituo, Mama Placida, mkunga mstaafu asiyezungusha maneno, alimwita Anonciata barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Kuna shule ya sekondari inaiomba ile kompyuta. Wana wanafunzi wengi na mwalimu aliyesomea. Wajumbe wananiuliza sisi tunaitumia kuchapa nini ambacho mkono hauwezi kuandika. Nami nakuuliza wewe."

"Mama, ukurasa wetu ni wa kwanza..."

"Wa kwanza kwa nani? Nionyeshe mtu mmoja tusiyemjua. Sisemi mnunuzi. Mtu mmoja tu, aliyetufikia kwa mlango huo peke yake. Tukikutana Desemba kama hayupo, kompyuta itaondoka, na redio pia."

Anonciata alirudi chumbani, akakaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Alikuwa na watoto, mume, na kibanja cha migomba na kahawa kilichomtosha kula. Lakini chumba kile kilikuwa mahali pekee ambapo alikuwa akijifunza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijua kabla yake, na aliona vifaa vyake vikiondoka juu ya magunia kama vilivyokuja.

Mwezi Septemba walipoteza ng'ombe.

Celestin aliwapenda ng'ombe wake kwa jadi ya Kinyarwanda: kila mmoja alikuwa na jina na beti za sifa zake, alizozitunga akiwa malishoni. Aliyepotea alikuwa Kirezi, kipenzi chake. Jumapili, baada ya misa, wakati wa matangazo, Celestin alisimama mbele ya waumini, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, nimempoteza Kirezi," alianza, na sauti ikampanda yenyewe. "Kirezi, shanga ya wafalme! Aliyeuvuka mto bila kuuliza kina! Anayetembea na umande ukampisha njia..."

"Shemeji," sauti ilitoka upande wa wanaume, "amepotea au amegombea ubunge?"

Kanisa likaangua kicheko.

"Akiitwa anaitika?" aliuliza mwingine. "Maana mimi nimeona ng'ombe njiani, ila hakuniambia kama ni shanga ya wafalme!"

Katekista alijaribu kutuliza, naye akicheka. Celestin alisimama ameduwaa, kwa kuwa alikuwa amesema kila alichokijua. Anonciata hakuvumilia. Alisimama upande wa wanawake.

"Ni mwekundu wa rangi ya kutu," alisema. "Pembe ya kushoto imeinama chini. Ana kovu la moto pajani, na anachechemea kidogo."

Mtu wa mwisho kabisa karibu na mlango akainua mkono. "Mwenye kovu? Huyo yuko kwa kaka yangu! Anamaliza migomba yake tangu Alhamisi!"

Watu walipiga makofi. Celestin alikimbia hata kabla ya wimbo wa mwisho. Anonciata alibaki amesimama, na waliokuwa karibu naye wakadhani analia kwa ajili ya ng'ombe, kwani alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimewatangazia sifa," alimwambia mumewe walipokuwa wakimrudisha Kirezi. "Celestin, mimi nimefanya vilevile ulivyofanya wewe!"

"Umempoteza nani?"

"Mgeni! Nimemwita kwa majina ambayo tunayajua sisi wenye ng'ombe. Anayetafuta hajui jina. Anajua rangi, anajua pembe."

"Sifa zangu zina kosa gani?"

"Hazina kosa. Za nyumbani hizo. Mwimbie sasa hivi, umeshampata."

Na Celestin akaimba njia nzima.

Kesho yake Anonciata alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Aliwatafuta wageni wote waliowahi kununua nguo za gome kwa mkono: daktari mmoja mgeni aliyekuwa akiishi karibu na Nyakahanga, padri kutoka Italia, dereva wa lori kutoka Kenya, mwalimu wa kike aliyepita na watalii. Aliwafuata kwa miguu na kwa kiti cha nyuma cha baiskeli, na waliokuwa mbali aliwaandikia. Aliwauliza swali moja: kabla hujaambiwa jina lake, wewe moyoni uliiitaje?

Majibu yalimshangaza. Daktari alidhani ni ngozi. Padri alisema aliiona kama karatasi nzito iliyolainika kwa uzee. Dereva aliiita "suti ya mti". Mwalimu aliifanya kifuniko cha taa, akasema alichokuwa akitafuta ni kitambaa kisichofumwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja heshima, mababu, wala Chonyonyo. Karibu wote walitaja kutu.

Alikaa na kamusi, akayafuta maneno yote ya kichwani mwa ukurasa na kuandika mapya kwa Kiingereza: kitambaa kutoka gome la mti, mkuyu, kilichopondwa kwa mkono, kisichofumwa, mfano wa ngozi isiyotoka kwa mnyama, rangi ya kutu, kwa majalada ya vitabu, kwa kofia, kwa vifuniko vya taa. Katika yale maelezo mafupi aliandika kama atangazaye ng'ombe: ni nini, kinaonekanaje, kinapatikana wapi, tufikieni kwa anwani hii.

Alipomsomea baba yake kwa Kiswahili, Polikarpi aliiweka nyundo chini.

"Jina langu silisikii."

"Halimo, baba. Sio pale."

"Nyundo hii ilivuka mto na baba yangu, imekimbia vita na mimi. Leo binti yangu mwenyewe ananifuta."

"Kahigi naye nimemfuta."

Polikarpi alitafakari. "Kabisa?"

"Kabisa."

Hilo lilimpoza, lakini kidogo tu. Anonciata alipiga magoti karibu na gogo. "Baba, jina lako liko ndani ya ukurasa, na picha yako umeshika nyundo. Mgeni akishaingia atakukuta umekaa. Hapa nilipokufuta ni njiani tu, mahali anapoulizia. Asiyekujua hawezi kukuulizia kwa jina."

Mzee alipapasa gome lililokuwa mbele yake. "Yule ng'ombe mlimpata kwa kitu gani?"

"Kwa kovu, baba."

"Hm," alisema Polikarpi, na akaichukua nyundo. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Disketi iliondoka na Abdallah mwanzoni mwa Oktoba, imefungwa katika kipande cha nguo ya gome ndani ya kopo la maziwa ya unga. Shaaban akapandisha ukurasa na kuufikisha tena kwenye mitambo. Kisha mvua za vuli zikaanza, na kukawa na mawingu ambayo sola haikuyaweza. Kila siku ya barua Anonciata alifuta vumbi lisilokuwepo. Novemba Abdallah alirudi na habari kwamba Shaaban alipoandika kwa Kiingereza "kitambaa kutoka gome la mti", ukurasa ulitokea miongoni mwa wa mwanzo, pamoja na kurasa za watu wakubwa.

"Si wa kwanza?" aliuliza Kahigi kwa masikitiko. "Tumeshuka."

"Tumeshuka mlima tukaingia sokoni," alisema Abdallah. "Juu kule tulikuwa peke yetu, mzee wangu."

Mama Placida aliisikiliza habari hiyo, akatikisa kichwa. "Kuonekana ni kuonekana. Mimi niliomba mtu."

Kamati ilikutana Desemba, siku ya barua, mchana wenye mawingu mazito. Blanketi la kijivu lilikuwa tayari juu ya meza, limekunjwa. Wajumbe waliketi katika chumba kilekile kwa sababu ya mvua, na wazee wawili, pamoja na Abdallah na Celestin, wakajibanza mlangoni wakidai wamekuja kujikinga. Mama Placida alikuwa amefungua kikao wakati redio ilipoanza kulia kama jogoo mwenye mafua.

"Kuna barua," alisema Anonciata.

"Ya Shaaban," alisema mjumbe mmoja.

Maneno ya kwanza yalijitokeza kwenye kioo. Hayakuwa ya Shaaban. Anwani ilikuwa ngeni, ndefu, na Anonciata aliisoma mara mbili. Kisha taa nyekundu ya betri ikaanza kukonyeza.

"Inakufa!" alipiga kelele. "Betri inakufa, na barua haijaisha kuingia!"

Abdallah alikuwa amesharuka nje. Alifungua boneti ya pikapu katikati ya mvua, Celestin akamshikia mwavuli uliogeuka nje ndani, na wakarudi wamebeba betri ya gari kama wanaobeba kondoo. "Chanya wapi? Chanya wapi?" "Nyekundu, Mzee Abdallah, nyekundu!" "Zote zina matope!" Kahigi alipangusa nyaya kwa shuka lake mwenyewe. Cheche ikaruka, taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikawaka, na redio, baada ya kusita, ikaendelea kulia.

Anonciata aliisoma kwa sauti, akiigeuza Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa Ureno, kazi yake kujalidi vitabu. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta kitu cha kujalidia kinachokunjika kama ngozi bila mnyama kuchinjwa, na hakujua kama kipo. Aliandika katika mtambo: kitambaa kutoka gome la mti, kisichofumwa, rangi ya kutu. Akawakuta. Alitaka kujua vipimo, na namna ya kupata kipande cha kujaribia.

Mama Placida alivaa miwani, akasogea hadi kwenye kioo, kana kwamba mwanamke mwenyewe angeweza kuonekana humo.

"Kuna anayemjua huyu?"

Wajumbe wakatikisa vichwa.

"Abdallah, si ndugu yako wa Pangani?"

"Mama, ndugu zangu hawasomi vitabu, sembuse kuvijalidi."

"Padri hajamtuma? Yule daktari?"

"Hakumtaja mtu, mama," alisema Anonciata. "Amekuja kwa mlango peke yake."

Mama Placida alinyoosha mgongo. Alilichukua blanketi la kijivu mezani, akalitia kwapani. "Hili naenda nalo nyumbani," alisema. "Baridi imeanza. Kikao kimefungwa."

Chumba kililipuka kwa shangwe. Celestin alimwinua mkewe juu hadi kichwa kikagonga waya wa redio. Abdallah alikuwa akicheka, amelowa, akisema kwamba pikapu yake sasa haiendi popote na kwamba hajawahi kufurahia kukwama kiasi hicho. Polikarpi alibaki mlangoni, na ni yeye aliyeona kwamba kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja ambao haujasomwa.

"Na huo wa chini?"

Anonciata aliinama. "Anasema: samahani, sijui nguo hii mnaiitaje. Naomba mniambie jina lake, ili nilitumie ipasavyo."

Wazee wawili walitazamana.

"Rubugo," alisema Kahigi. "Mwandikie, binti, haraka, kabla betri haijakwisha."

"Impuzu," alisema Polikarpi, tayari amesimama mbele yake. "Ameuliza jina, hajauliza lakabu."

"Kwenye nchi ya nani?"

"Kwa nyundo ya nani?"

Anonciata alivuta kiti, akafuta matope ya betri vidoleni, na akaanza kumjibu mgeni. Aliandika kwamba nguo hiyo ina majina mawili, na kwamba wenye majina yote mawili wako hapa nyuma yake wakati huu, wakimsikiliza anavyobonyeza. Akatoa vipimo. Kisha, kwa kuwa sasa mgeni alikuwa ameshaingia ndani, akamtajia Polikarpi Mbonimpa na Kahigi wa Chonyonyo, na sifa zao zote, mpaka taa nyekundu ilipoanza tena kukonyeza.